Ngiri Asiyeingia Mlangoni

Hapo zamani za kale, kabla saa hazijatundikwa ukutani, kila mnyama alibeba saa yake tumboni. Haikuwa na mishale wala haikulia, lakini haikukosea. Ilimwambia mwenyewe wakati wa kula na wakati wa kulala, na aliyebishana nayo ndiye aliyeshindwa.

Katika bonde liitwalo Mkwaju Pweke palikuwa na kichuguu kikubwa, na chini yake nyumba ya shimo. Aliyeichimba ni Mhanga. Lishikeni jina hilo, watoto: Mhanga, mla mchwa, mwenye masikio kama ya punda na makucha kama majembe. Aliyekaa naye ni Ngiri. Naye tumwite kwa jina lake. Ngiri si nguruwe, na ukimwita nguruwe atakuonyesha meno yake marefu yaliyopinda.

Nyumba ilikuwa moja na iliwatosha, kwa sababu walikaa kwa zamu. Mhanga ni mnyama wa usiku: jua likizama, anatoka kwenda kutafuta mchwa. Ngiri ni mnyama wa mchana: jua likizama, anaingia kulala pamoja na mkewe na watoto wao wanne. Alfajiri walipishana mlangoni.

"Umeamkaje, Ngiri?"

"Salama, Mzee Mhanga. Habari za kazi?"

"Njema. Nipishe nikalale."

Basi. Miaka mingi hawakugombana hata siku moja.

Sasa, Ngiri haingii nyumbani kama mimi na wewe. Watoto hutangulia kwa vichwa, mama akafuata, kisha baba hugeuka na kuingia kinyumenyume, ili uso na meno vibaki mlangoni. Kwa hiyo nyumba ya Ngiri haina mlango wa mbao wala wa bati. Mlango ni Ngiri mwenyewe.

Ubavuni mwa kichuguu hichohicho, katika kitundu kidogo, aliishi Bi Nguchiro na watoto wake sita. Wengi humwita Kicheche. Wanakosea. Kicheche ni mwingine, ana mistari myeupe mgongoni na ananuka. Nguchiro hanuki. Kazi yake ilikuwa kumtoa Ngiri kupe. Kila asubuhi Ngiri alilala ubavu, na Bi Nguchiro na wanawe wakampanda, chwa, chwa, chwa, wakamtoa kupe mmoja mmoja na kuwala. Ngiri alipata nafuu, nao walipata kifungua kinywa. Kwa hiyo Bi Nguchiro aliujua mwili wa Ngiri kama fundi cherehani anavyoujua mwili wa mteja wake.

Asubuhi moja alipanda mbavuni kama kawaida, akateleza. Puu! Akaanguka chini.

"Lo! Kaka Ngiri, mbavu zako ziko wapi?"

"Zipo."

"Hazipo. Hapa palikuwa na mbavu, nilikuwa nashika kwa mkono. Umenenepa."

Ngiri alifungua jicho moja jekundu. "Usinitukane asubuhi, dada. Nina usingizi."

"Usingizi wa nini saa hizi? Jua limetoka!"

Hapo Bi Nguchiro akatambua jambo jingine. Mhanga alikuwa amesimama mlangoni, vumbi mwili mzima, akitikisa masikio kwa hasira.

"Mwulize," alisema Mhanga. "Mwulize alikuwa wapi. Mimi narudi kutoka kazini, na yeye anarudi kutoka matembezini, tunakutana mlangoni wote wawili tunataka kulala! Hii ni nyumba au kituo cha polisi? Mchana ni zamu yangu!"

"Nilikuwa barazani kwa Fisi," alisema Ngiri kwa majivuno kidogo. "Tunacheza bao. Tunazungumza mambo ya bonde. Fisi ameniteua kuwa Mshauri Mkuu."

"Mshauri Mkuu wa nani?"

"Wa baraza."

"Na wewe unakesha huko usiku kucha?"

"Cheo kina kazi zake, dada."

Bi Nguchiro akahesabu kupe saba kimoyomoyo ili asimtukane. "Na chakula? Fisi anakulisha nini?"

"Hanilishi chochote! Nachukua kikapu changu mwenyewe. Mke wangu anachimba viazi mwitu, anajaza kikapu kimoja, nami nakipeleka barazani. Fisi alisema, kwa nini ule juani unatoka jasho, na usiku kuna ubaridi mzuri? Kikapu ni kimoja, dada. Kilekile cha mwaka jana. Sikuongeza hata kiazi."

Bi Nguchiro alimwendea mke wa Ngiri kumwuliza, kwa maana hakuamini. Bi Ngiri alikuwa akikata matawi ya miiba kwa meno na kuyakokota kuelekea mlangoni.

"Ni kweli," alisema Bi Ngiri. "Kikapu ni kimoja. Hata mimi sielewi. Mchana analala, haongei. Ukimgusa anakoroma, ukimwamsha anafoka. Anakunywa maji kama ana moto tumboni. Na mimi usiku naziba mlango kwa miiba kama mjane, na mume wangu yu hai. Jana chui alipita hapa, dada. Alisimama. Niliwafunika watoto midomo."

"Na Baba Watoto anasemaje?"

"Anasema nisimwite Baba Watoto. Nimwite Mshauri Mkuu."

"Ala!"

Bi Nguchiro akarudi kwa Ngiri, akamvuta sikio. "Inuka. Twende mlangoni. Hebu ingia kinyumenyume nione."

"Mchana wote huu?"

"Ingia!"

Ngiri akajikokota, akageuka, akarudi nyuma. Tifu, tifu, tifu. Kisha, kwa! Matako yameingia, tumbo limegoma. Akasukuma. Udongo ukaporomoka. Akasukuma tena, akabaki amekwama kama kizibo, miguu ya mbele inapiga hewa.

Unadhani alisema nini? Alisema hivi: "Nani amepunguza mlango huu? Mzee Mhanga! Kwa nini umepunguza mlango?"

"Mimi?" Mhanga alitoa sauti kutoka ndani. "Toa makalio yako usoni mwangu!"

Iliwabidi Bi Ngiri na Bi Nguchiro wamvute kwa miguu ya mbele na masikio hadi akatoka, pwata! Akakaa chini akihema.

"Mzee Mhanga," alisema Bi Nguchiro, "wewe ni mzee, unajua mambo. Kikapu ni kilekile. Imekuwaje?"

Mhanga alitoa pua yake ndefu nje. "Tumbo lake ni la mchana. Mchana lina kinu na mchi, linatwanga kila linachopewa, mwili unapata nguvu. Jua likizama, tumbo lake linaweka mchi chini, linafunga duka, linalala, hata kama yeye mwenyewe hajalala. Sasa yeye analigongea usiku wa manane, analitupia kikapu kizima. Unafikiri litatwanga? Linabeba tu na kuweka ghalani. Ghala ndilo hilo unaloliona."

"Uongo!" alisema Ngiri. "Mbona wewe unakula usiku na ni mwembamba?"

"Kwa sababu mimi ni Mhanga!" Mzee alifoka hadi udongo ukamwagika. "Tumbo langu linaamka usiku! Wewe ni Mhanga? Onyesha makucha! Una masikio haya? Kila mtu na saa yake. Niacheni nilale. Hii ni zamu yangu!"

"Umesikia?" aliuliza Bi Nguchiro.

"Nimesikia. Wazee husema mengi." Ngiri akaenda kulala chini ya kichaka. Koroo, koroo, koroo. Ilipofika jioni akaamka, akachukua kikapu chake, akaenda zake barazani.

Bi Nguchiro akashika kichwa kwa mikono miwili.

Siku ya nne baada ya hapo, jua likielekea kuzama, Bi Nguchiro alikuwa ametulia ndani ya kitundu chake. Akaona kivuli kikinyatia kichuguu. Alikuwa Fisi. Mkononi alikuwa na kamba yenye mafundo. Akautazama mlango wa nyumba ya Ngiri, akatandaza kamba kutoka ukingo hadi ukingo, akapima, akacheka peke yake.

"Hii-hi-hi! Fundo hili ni mlango. Fundo hili ni tumbo lake jana usiku. Tumbo limeupita mlango vidole viwili. Hi-hi! Bado kidogo. Mwezi ukifa, giza likiwa totoro, nitamfukuza kuja huku. Atakimbilia nyumbani, atakwama mlangoni, hatoki haingii. Na nyuma yake mke, na nyuma ya mke watoto wanne laini. Nani kasema mimi mjinga? Bibi yangu aliniambia: mnyama wa mchana mlishe usiku, atanona kwa chakula chake mwenyewe, wala hutoi hata punje!"

Akakunja kamba, akaondoka akichechemea.

Bi Nguchiro alikimbia, fyuu, hadi kichakani alikolala Ngiri. Akamruka kichwani.

"Kaka! Amka! Fisi anakupima!"

"Najua," alisema Ngiri, akipiga miayo. "Ananishonea joho."

"Joho?"

"La Mshauri Mkuu. Kila usiku ananizungushia kamba tumboni. Anasema kitambaa kiwe cha kutosha."

"Ngiri! Amepima na mlango wako! Nimemsikia kwa masikio yangu. Anangojea mwezi ufe, akule wewe na mkeo na watoto!"

Ngiri alimtazama kwa huruma. "Dada Nguchiro. Unajua tatizo lako? Wivu. Wewe hukualikwa barazani."

Kupe saba hawakutosha. Bi Nguchiro akahesabu kupe arobaini.

Alimwambia tena jioni ile. Alimwambia asubuhi yake. Alimwambia akiwa amekula na akiwa na njaa, alimwambia kwa upole na alimwambia kwa kumng'ata mkia. Mkewe alimwambia. Watoto walimwambia. Ngiri alijibu, "Wivu," kisha akaja na jibu jipya: "Fitina." Mara saba Bi Nguchiro alimweleza ukweli mtupu, na mara saba ukweli ulimgonga Ngiri kwenye paji la uso ukaanguka chini.

"Vema," alijisemea Bi Nguchiro akiwa amekaa juu ya kichuguu, mkia umemsimama kwa hasira. "Ngiri hali ukweli. Anakula vyeo. Basi nitampikia cheo."

Asubuhi iliyofuata alikuja mbio, akihema kwa makusudi, akapiga magoti mbele ya Ngiri.

"Shikamoo, bwana mkubwa!"

Ngiri akafungua macho yote mawili. Hakuwahi kupewa shikamoo na Nguchiro. "Marahaba. Kuna nini?"

"Ndege wamekaa baraza. Kwale amezeeka, sauti yake haifiki ng'ambo ya bonde. Wanataka Mnadi Mkuu wa Alfajiri, mnyama mwenye kifua, atakayeliita jua kila siku. Jua, bwana! Siyo baraza la bao. Wametaja majina mengi, wakayakataa yote, wakabaki na moja."

"Lipi?"

"Naogopa kulitamka bila heshima."

"Litamke!"

"Ngiri bin Ngiri wa Kichuguu cha Mkwaju Pweke."

"Walilitaja lote? Na 'bin Ngiri'?"

"Lote. Na 'bin Ngiri' walilirudia mara mbili."

Ngiri alisimama. Akajitikisa vumbi. Kisha akashtuka. "Lakini mimi ni Mshauri Mkuu kwa Fisi."

"Ah! Ndilo walilouliza. Bundi akasema, 'Hawezi, anakesha, atalala jua likitoka.' Nami nikasema, 'Mnamdharau!' Bundi akasema, 'Tena anakula usiku, na koo lililopitisha kiazi baada ya machweo hutoa sauti ya chura.' Nikasema, 'Nyamaza wewe! Ngiri akitaka, anakula mchana na kulala jua linapolala, kama babu zake.' Wakacheka. Wakasema hutaweza hata siku tatu."

"Bundi alisema hivyo?"

"Bundi."

"Mwambie Bundi," alisema Ngiri, na nywele za shingoni zikamsimama, "kesho anyamaze asikilize."

Haya, watoto, usiku wa kwanza haukuwa rahisi. Ngiri alishindwa kuingia mlangoni, akalala nje mbele ya miiba ya mkewe, na Bi Nguchiro akakaa kichwani pake kumlinda.

"Kiazi kimoja tu," alinong'ona Ngiri.

"Sauti ya chura."

"Nusu."

"Bundi anasikiliza."

"Sina usingizi, dada. Macho yamekauka."

"Yafumbe hivyohivyo! Usingizi ni kama mgeni, hauji kwenye nyumba yenye taa."

"Tumbo linanguruma."

"Liache lingurume! Lilizoea kuamshwa, sasa linatafuta mlango. Lala, Ngiri, la sivyo nitakung'ata!"

Alfajiri Ngiri akasimama juu ya kichuguu, akajaza kifua, akaita:

"Kwoooo-hrrrr-ngooo! Juaaa! Toka!"

Ilikuwa sauti mbaya kuliko zote zilizowahi kusikika bondeni. Kanga walianguka kutoka matawini. Mhanga, aliyekuwa akirudi, alikimbilia ndani akifikiri ardhi imepasuka. Lakini jua likatoka. Ngiri alilitazama, kisha akamtazama Bi Nguchiro, machozi yakimlengalenga.

"Limetii," alisema.

"Limetii, bwana mkubwa," alijibu Bi Nguchiro, akigeuza uso pembeni. "Sasa nenda ukale. Kikapu kiko tayari. Mnadi anakula baada ya kazi."

Siku ya pili, siku ya tatu, siku ya kumi. Kikapu kilikuwa kimoja, kilekile, viazi vilevile. Ila sasa kililiwa jua likiwa juu, na jua likizama Ngiri alizimika kama mshumaa. Siku ya kumi na mbili Bi Nguchiro alipanda ubavuni, akashika kitu kigumu. Ubavu! Akaendelea kutoa kupe.

Fisi naye hakukaa kimya. Alikuja jioni moja, kamba begani.

"Bi Nguchiro! Mshauri Mkuu yuko wapi? Bao limelala. Joho limekaribia kwisha."

Bi Nguchiro alijua kwamba akimfukuza, Fisi atashtuka na kumrukia Ngiri usiku uleule, na mlango bado ulikuwa unabana kidole kimoja. Akatabasamu hadi masikioni.

"Punguza sauti, Bwana Fisi, nisije nikakuharibia. Wewe unataka anone, sivyo?"

Fisi akatazama huku na huku. "Nani kasema?"

"Mimi sisemi. Mimi nimechoka naye. Kila siku kumpanda, kumtoa kupe, wala asante sipati. Ila ujue, siku hizi analala sana. Unajua usingizi unavyonenepesha! Sasa ni kama gunia. Lakini usiku humpati, amejizungushia miiba. Saa sita mchana ndipo hujitupa topeni, hata mkono hainui."

"Mchana?" Fisi alikunja uso. "Mchana mimi nalala."

"Basi lala. Chui halali."

"Chui! Chui amemwona?"

"Anapita kila siku."

"Hapana! Ngiri ni wangu! Nimempima mimi!"

Kesho yake Fisi akaja mchana. Akajificha nyuma ya kichaka cha mkakaya, macho yanamwuma kwa mwanga. Ngiri alipita mbali, Fisi hakumwona vizuri. Kesho yake akaja tena. Kwa kuwa kungoja kunachosha, alibeba mifupa na mafuta, akawa anakula palepale juani, wakati ambao tumbo lake lilikuwa usingizini. Usiku alitaka kulala, lakini masikio yake ya usiku yaliamka yakisikiliza kila jani. Mchana alitaka kuwa macho, kope zikaanguka. Akala zaidi ili asilale. Nusu ya mwezi haikwisha, tumbo la Fisi likaanza kuburuta majani, miguu ikavimba, hasira zikamjaa. Alifunga fundo na kusahau ni la nini.

"Hili ni mlango au tumbo?" alijiuliza. "Au ni la mwaka jana?"

Siku ile mwezi ulipokuwa umekufa, hakungoja usiku. Saa sita mchana Ngiri alikuwa topeni na familia yake, na Bi Nguchiro juu ya kichuguu akilinda. Ghafla kichaka kikapasuka, kra! Fisi akatoka meno nje.

"Chi-chi-chi-chiii!" alipiga kelele Bi Nguchiro. "Fisi! Nyumbani! Kimbieni!"

Mikia ikasimama wima kama bendera. Watoto mbele, pita-pita-pita-pita, mama nyuma yao, Ngiri wa mwisho, na Fisi nyuma ya Ngiri anatweta. Watoto wanne wakaingia kwa vichwa. Mama akaingia. Ngiri akafika, akageuka, akajitupa kinyumenyume.

Bi Nguchiro alifumba macho. Asubuhi ile hakuwa amempima. Kama ni kidole kimoja tu kimezidi, basi ni watu sita.

Fyuuup!

Alipofumbua macho, mlangoni palikuwa na uso wa Ngiri na meno mawili yaliyopinda, na pembeni mwa tumbo palikuwa na nafasi ya kupitisha upepo. Kutoka ndani ikasikika sauti ya kukata tamaa:

"Nani amenikanyaga pua? Mchana ni zamu yangu! Hamna adabu nyumba hii?"

"Samahani, Mzee Mhanga!" walijibu watoto. "Kuna Fisi!"

Fisi alisimama mbele ya mlango, ulimi nje, akiyatazama yale meno. Hakuthubutu.

"Haidhuru," alisema. "Utatoka tu. Nitakaa hapahapa. Ningoje mimi... mimi ni mvumilivu... mimi..."

Akakaa. Jua la adhuhuri likamwangukia mgongoni. Kichwa kikainama, kikainuka, kikainama. Na mbele ya mlango wa windo lake, meno nje, kamba mkononi, Fisi akalala. Koroo, hi, koroo, hi.

"Kaka Ngiri," alinong'ona Bi Nguchiro kutoka juu. "Amelala."

"Ni Fisi," alisema Ngiri polepole. "Ni Fisi kweli aliyetaka kutula."

"Ndiyo."

"Joho je?"

"Ngiri!"

Ngiri hakuuliza tena. Akatoka kama jiwe kwenye kombeo, akamchota Fisi kwa meno yote mawili, akamrusha. Wuuu, puu! Fisi akaanguka kichakani, akainuka, akakimbia akilia, hata hajui ni mchana au usiku. Bonde la Mkwaju Pweke halikumwona tena.

Alasiri Ngiri alikwenda kwa Kwale kutoa shukrani kwa ule uteuzi. Alirudi jua linazama, uso umemvimba kwa hasira.

"Nguchiro! Hakuna baraza la ndege! Kwale hajazeeka! Anasema mwezi mzima amenyamaza kwa sababu kelele zangu hazimpi nafasi! Bundi hata hanijui jina! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya," alisema Bi Nguchiro. Alikuwa akiwalaza watoto wake, na alikuwa amechoka hadi kwenye kucha. "Ukweli nilikuambia mara ngapi?"

Ngiri akafikiri. "Mara saba."

"Ulisikia?"

Ngiri akakwaruza udongo kwa kwato.

"Uongo nilikuambia mara ngapi?"

"Mara moja," alisema Ngiri kwa sauti ndogo.

"Basi nenda ukalale, kaka. Mimi sina nguvu ya mara ya nane."

Ngiri alifungua mdomo ajibu, lakini jua lilikuwa limeshazama, na badala ya jibu ukatoka mwayo mrefu. Mhanga alikuwa mlangoni, anatoka kwenda kazini.

"Unalala, Ngiri?"

"Nalala, Mzee Mhanga. Kazi njema."

Watoto wakatangulia, mama akafuata, na baba akaingia kinyumenyume.

Chakula kilekile hujenga mwili kwa saa yake, na nje ya saa yake huubomoa.